Kiti cha Visiwani na Kiti cha Ruiru

Katika Bunge la Kenya kila jimbo la uchaguzi lina kiti kimoja, na kila Mbunge ana kura moja. Mbunge aliyetumwa na watu wa Ruiru na Mbunge aliyetumwa na watu wa Lamu Mashariki huketi katika nyumba moja, na mambo yanapoamuliwa huhesabiwa sawasawa. Lakini hesabu ya watu iliyofanywa mwezi wa Agosti mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa Ruiru ilikuwa na watu 371,111, na Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258. Maana yake ni kwamba kwa kila mtu mmoja wa Lamu Mashariki kulikuwa na watu zaidi ya kumi na sita wa Ruiru, na wote hao walikuwa na Mbunge mmoja mmoja.

Mwananchi wa Thika au Ruiru asikiapo hesabu hiyo huuliza, na ana haki ya kuuliza, ni nani aliyeipanga hivyo na kwa sababu gani. Wengine hujibu kwa haraka kwamba ni upendeleo. Wengine husema ni makosa ya makarani. Majibu hayo mawili si sahihi. Jambo hili lina historia yake, nalo limeandikwa katika Katiba. Tena si jambo la kale lililokwisha, kwa sababu idadi ya viti imefungwa, na kiti kimoja kikiongezwa mahali hapana budi kingine kiondolewe mahali pengine.

WAKATI KURA ILIPOKUWA YA WACHACHE

Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanywa mwaka 1920. Waliopiga kura walikuwa Wazungu peke yao, nao walichagua wajumbe kumi na mmoja. Nchi ya Thika na Ruiru wakati huo ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Reli ya kutoka Nairobi ilikuwa imefika Thika mwaka 1913, na maelfu ya watu walikuja kutafuta kazi ya kuchuma, kupalilia na kubeba mizigo. Watu hao walihesabiwa katika vitabu vya mishahara, lakini hawakuhesabiwa katika daftari ya wapiga kura. Tangu mwaka 1924 mambo ya Waafrika yalisemwa katika Baraza na Mzungu aliyeteuliwa, Dr. John Arthur wa Misheni ya Kanisa la Scotland. Mwafrika wa kwanza kuingia Barazani alikuwa Bwana Eliud Mathu, naye aliteuliwa mwaka 1944, hakuchaguliwa kwa kura.

Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi mwaka 1957. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Jimbo la Kati lote, toka Kiambu na Thika mpaka Meru, lilikuwa na kiti kimoja tu. Tena si kila mtu aliyepewa kura. Ilimpasa mtu awe na elimu, au mali, au kipato, au utumishi wa kiasi fulani, na mwenye sifa nyingi aliweza kuwa na kura mpaka tatu. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru palikuwa na sharti jingine, yaani hati ya uaminifu kwa Serikali, kwa sababu ya Hali ya Hatari. Basi wengi wa watu wa mashamba ya Thika hawakupiga kura. Aliyeshinda alikuwa Bwana Bernard Mate wa Meru, naye alimshinda Bwana Mathu.

Mwaka 1958 viti vya Waafrika viliongezwa sita, na Dr. Julius Kiano akachaguliwa kwa sehemu ya kusini ya Jimbo la Kati. Mwaka 1961 masharti ya kura yalilegezwa na watu wengi zaidi wakaandikishwa. Mwezi wa Januari 1962 Bwana Kariuki Njiiri aliacha kiti chake cha Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, ili Mzee Jomo Kenyatta apate kuingia Barazani. Hatimaye, katika uchaguzi wa Mei 1963, kila mtu mzima alikuwa na kura moja, na Mzee Kenyatta akapita bila kupingwa katika jimbo la Gatundu, jirani na Thika.

Historia hiyo inafundisha jambo moja. Kwa muda wa miaka arobaini na mitatu watu wa Thika na Ruiru waligombea haki ya kuwa na kura. Walipoipata, likaja swali la pili lililo gumu zaidi, nalo ni uzito wa kura yenyewe.

JUJA YAGAWANYWA

Nyumba ya Wawakilishi ya mwaka 1963 ilikuwa na majimbo 117. Palikuwa pia na Seneti yenye wajumbe 41, na katika Seneti hiyo wilaya kubwa na wilaya ndogo zilikuwa sawa, kila moja na mjumbe wake. Mwaka 1966 nyumba hizo mbili ziliunganishwa, na viti vikawa 158. Baadaye majimbo yaliongezwa mara kwa mara: yakawa 188 katika uchaguzi wa 1988, na 210 katika uchaguzi wa 1997.

Kwa miaka mingi Thika, Ruiru na Juja zilikuwa jimbo moja, lililoitwa Juja. Wakati mipaka ya kale ilipochorwa, sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa mashamba, na kati ya mji na mji palikuwa na kahawa tupu. Lakini mambo yaligeuka upesi. Viwanda vilijengwa Thika. Chuo cha Kilimo na Teknolojia kilichopewa jina la Jomo Kenyatta kilifunguliwa Juja, nacho baadaye kikawa Chuo Kikuu. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yalikatwa viwanja, na nyumba za kupanga zikapanda ghorofa juu ya ghorofa toka Githurai mpaka Kihunguro. Barabara kuu ya Nairobi na Thika ilipopanuliwa na kumalizika mwaka 2012, mtu aliweza kulala Ruiru na kufanya kazi Nairobi bila taabu kubwa, na watu wakazidi kumiminika.

Uzito wa kiti hicho kimoja ulionekana katika ushindani wake. Mwaka 2002 alichaguliwa Bwana William Kabogo. Mwaka 2007 alitangazwa Bwana George Thuo, lakini Bwana Kabogo alipeleka malalamiko mahakamani, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikaubatilisha uchaguzi ule. Uchaguzi mdogo ulifanywa tarehe 20 Septemba 2010, na Bwana Kabogo akakirudia kiti. Kwa hiyo watu wa jimbo hilo kubwa walikaa zaidi ya miaka miwili wakiwa na Mbunge ambaye uchaguzi wake ulikuwa ukibishaniwa mbele ya hakimu.

Katiba mpya iliyopitishwa na wananchi mwezi wa Agosti 2010 iliongeza majimbo kutoka 210 hadi 290. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilichora mipaka mipya, na mwaka 2012 Juja ya zamani ikawa majimbo matatu: Mji wa Thika, Ruiru, na Juja mpya. Katika uchaguzi wa Machi 2013 Mji wa Thika ulimchagua Bibi Alice Ng'ang'a, Ruiru ikamchagua Bibi Esther Gathogo, na Juja ikamchagua Bwana Francis Waititu. Bwana Waititu alifariki mwezi wa Februari 2021, na katika uchaguzi mdogo wa tarehe 18 Mei mwaka huo Bwana George Koimburi akapata kiti.

Watu wengi walidhani ya kuwa kugawanywa kwa Juja kumemaliza shida. Lakini mji haukungoja. Hesabu ya 2019 iliikuta Ruiru na watu 371,111, Juja watu 300,948, Thika Magharibi watu 245,820, na Thika Mashariki watu 38,956. Jumla yao ni 956,835.

HABARI ZA LAMU MASHARIKI

Sasa yafaa kutazama upande wa pili. Lamu ni wilaya iliyo kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, ikipakana na Somalia, na tangu Katiba mpya ni kaunti. Kwa uchaguzi wa Bunge ina majimbo mawili, Mashariki na Magharibi. Lamu Magharibi ina mji wa kale wa Lamu, na pia bara ya Hindi, Mpeketoni na Witu. Lamu Mashariki ina kisiwa cha Pate, chenye miji ya Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, tena ina visiwa vidogo vya Ndau na Kiwayu, na pwani ya bara mpaka Kiunga. Ina wadi tatu tu: Faza, Kiunga na Basuba. Ruiru peke yake ina wadi nane.

Watu wengi wa visiwa hivyo ni Wabajuni, na kazi yao kubwa ni uvuvi. Katika msitu wa bara wako Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, watu wachache walioishi tangu zamani kwa kuwinda na kurina asali. Msafiri atokaye Lamu mjini kwenda Faza au Kizingitini hupanda chombo, naye hungoja maji yajae, kwa sababu mlango wa bahari wa Mkanda ni mwembamba na maji yakipwa vyombo hukwama. Upande wa bara njia ni mbaya, na kwa miaka mingi imekuwa ya hatari kwa sababu ya mashambulizi ya wapiganaji wanaovuka mpaka. Shule za Basuba zilifungwa kwa muda mrefu kwa sababu hiyo.

Katika hesabu ya 2009 jimbo hilo lilikuwa na watu 18,841, na mwaka 2019 watu 22,258. Mbunge wake katika uchaguzi wa 2002 na wa 2007 alikuwa Bwana Abu Chiaba. Katika uchaguzi wa 2022 alichaguliwa Bibi Ruweida Obo, ambaye kabla ya hapo alikuwa Mwakilishi wa Wanawake wa kaunti nzima ya Lamu. Katika jimbo la namna hiyo mgombea aweza kuzijua nyumba nyingi kwa majina yao, na tofauti ya kura mia chache yatosha kumpa mtu kiti. Huko Ruiru kura mia chache zapatikana katika majumba mawili ya kupanga.

KATIBA YASEMA NINI

Kanuni iliyo kubwa ni hii: kila jimbo liwe na watu karibu sawa na jimbo jingine. Kiwango hupatikana kwa njia nyepesi. Watu wote wa Kenya wanagawanywa kwa majimbo 290. Mwaka 2009 Kenya ilikuwa na watu 38,610,097, na kiwango kikawa watu 133,138. Mwaka 2019 watu walikuwa 47,564,296, na kwa hesabu hiyo kiwango ni kama watu 164,015.

Lakini Katiba haikudai usawa wa kupimwa kwa uzi. Imeruhusu jimbo lizidi au lipungue kiwango kwa asilimia 30, na kwa miji mikuu na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika kwa asilimia 40. Wanaochora mipaka wameagizwa watazame pia umbo la nchi, miji, njia za kupitia, historia, uchumi na mila za watu. Kwa hiyo mlima, msitu na bahari vina neno lake katika jambo hili.

Hata hivyo, Lamu Mashariki haiingii katika nafuu hiyo. Asilimia 40 chini ya kiwango cha 2019 ni watu 98,409, na jimbo hilo halikufika hata robo ya hao. Lilibaki kwa sababu nyingine. Katiba ilipoandikwa, sehemu yake ya mambo ya mpito ilisema ya kuwa katika mapitio ya kwanza ya mipaka jimbo lolote lililokuwako lisifutwe. Majimbo 27 yalihifadhiwa kwa neno hilo, na Lamu Mashariki ni mojawapo. Kesi zaidi ya 130 zilipelekwa Mahakama Kuu juu ya mipaka mipya, nazo ziliamuliwa pamoja mwezi wa Julai 2012.

Msomaji atambue maneno haya: mapitio ya kwanza. Hifadhi ile haikuwekwa iwe ya milele. Mapitio ya pili yakifanywa, majimbo 27 yale yatakuwa hayana ngao hiyo, isipokuwa Katiba igeuzwe. Na kwa kuwa idadi ya 290 imeandikwa ndani ya Katiba, Tume haina ruhusa ya kuongeza hata kiti kimoja.

Sasa tufanye hesabu ya Thika na Ruiru. Sehemu zile nne zenye watu 956,835, zikigawanywa kwa kiwango cha 164,015, zingestahili viti karibu sita. Zilikuwa na vitatu. Kaunti ya Lamu yote, Mashariki na Magharibi pamoja, ilikuwa na watu 143,920, yaani pungufu kidogo ya kiwango cha jimbo moja. Ilikuwa na viwili. Anayetazama tarakimu peke yake atasema ya kuwa dawa ni rahisi: Lamu iwe jimbo moja, na kiti kinachobaki kipewe Ruiru.

Lakini tarakimu hazisemi yote. Kati ya watu 143,920 wa Lamu, watu 121,662 walikuwa upande wa Magharibi. Majimbo hayo mawili yakiunganishwa, mgombea ataweza kushinda kwa kura za Mpeketoni, Hindi na Lamu mjini bila kukanyaga Kiwayu wala kuuona msitu wa Basuba. Mvuvi wa Kizingitini atabaki na kura yake, lakini hatakuwa na hakika kwamba yuko mtu Bungeni anayejua kwamba zahanati ya karibu yafikiwa kwa mashua. Basi hapa zimekutana haki mbili. Moja ni haki ya watu wengi wasipunjwe uzito wa kura zao. Ya pili ni haki ya watu wachache wasimezwe mpaka sauti yao isisikike kabisa.

FEDHA ZA JIMBO

Jambo hili haliishi katika kupiga kura Bungeni. Tangu mwaka 2003 ilipopitishwa sheria ya Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo, watu wengi wameuona Ubunge kwa njia ya madarasa, karo za wanafunzi, vituo vya polisi na visima. Sheria hiyo ilitenga sehemu isiyopungua asilimia mbili na nusu ya mapato ya kawaida ya Serikali. Robo tatu ziligawanywa sawasawa kwa kila jimbo, na robo iliyobaki ikatazama umaskini. Sheria ya 2015 iliyofuata nayo iliendeleza desturi ya kugawa sawa kwa majimbo.

Tuchukue mfano tu, ili jambo lieleweke. Kama kila jimbo lingepewa shilingi 100,000,000, fungu la mtu mmoja wa Ruiru kwa hesabu ya watu ya 2019 lingekuwa shilingi 269, na la mtu mmoja wa Lamu Mashariki lingekuwa kama shilingi 4,493. Mzazi wa Githurai anayeomba msaada wa karo hushindana na maelfu ya wazazi wenzake kwa fungu lile lile. Darasa moja likijengwa Ruiru hujaa siku ya kufunguliwa.

Hata hapo yapasa kusema upande wa pili. Mfuko wa saruji unaonunuliwa Thika hufika Ruiru kwa gari kwa muda mfupi. Mfuko huo ukienda Kiunga au Ndau hubebwa kwa gari, ukapakiwa chomboni, ukapakuliwa, na kila mkono unaoushika hudai malipo. Tena mtu wa Ruiru anayo reli, barabara kuu, hospitali na vyuo vilivyo karibu, ambavyo havikujengwa kwa fedha za jimbo. Fedha za kaunti nazo hugawanywa kwa kanuni nyingine inayotazama sana idadi ya watu, na kwa hiyo Kiambu hupata nyingi kuliko Lamu. Kwa hiyo anayetaka kupima haki sharti apime vyungu vyote, asipime kimoja.

MIFANO YA MAHALI PENGINE

Nchi nyingi zimekutana na tatizo hili. Huko Uingereza, mahali palipoitwa Old Sarum paliendelea kutuma wajumbe wawili Bungeni hata baada ya wakazi wake karibu wote kuhama, huku miji mikubwa ya viwanda kama Manchester haina mjumbe wake. Watu walilalamika kwa miaka mingi, na sheria ya mwaka 1832 ikaviondoa viti vya namna hiyo. Lakini Uingereza hiyo hiyo, katika sheria zake za karne hii, imevihifadhi viti vichache vya visiwani. Visiwa vya Magharibi vya Scotland vina wapiga kura karibu 21,000 tu, wakati ambapo kiwango cha jimbo la kawaida ni zaidi kidogo ya 73,000, navyo vina Mbunge wao kwa sababu ya bahari. Tofauti ni kwamba majimbo hayo yametajwa wazi katika sheria kwa majina, na ni machache mno, kiasi kwamba kila mtu ajua ni upungufu gani uliokubaliwa na kwa sababu gani.

Mfano wa karibu zaidi na wa uchungu ni wa Unguja na Pemba. Mwezi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake, Pemba, kiliamuliwa kwa kura moja tu. Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu viti 9, na chama cha watu wa Pemba na Unguja viti 3. Uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni mwaka ule ule, na katika machafuko yaliyofuata watu 68 walikufa. Mwaka 1963 viti viliongezwa vikawa 31. Afro-Shirazi ilipata kura kama 54 katika kila kura mia, lakini ilipata viti 13 tu, na vyama viwili vilivyoungana vikapata 18 na kuunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Sababu za Mapinduzi zilikuwa nyingi, nazo haziwezi kuwekwa juu ya mipaka peke yake. Lakini hapana shaka ya kuwa watu waliohesabu kura zao wakaona ni nyingi, kisha wakahesabu viti vyao wakaona ni vichache, hawakuuamini uchaguzi ule.

KAZI ILIYOKAWIA

Katiba ya Kenya yaagiza mipaka itazamwe upya kila baada ya miaka isiyopungua minane wala kuzidi kumi na miwili. Kwa kuwa mipaka ya sasa ilitangazwa mwezi wa Machi 2012, muda huo uliisha mwezi wa Machi 2024. Kazi haikufanywa. Tume haikuwa na makamishna tangu Januari 2023, na wapya hawakuapishwa hata Julai 2025.

Kabla ya hapo palikuwa na jaribio la kukata shauri kwa njia nyingine. Mswada wa kugeuza Katiba uliojulikana kwa jina la BBI ulitaka kuongeza majimbo 70, ili yote yawe 360. Nairobi ingepata 12, Kiambu 6 na Nakuru 5, bila kuondoa kiti cha mtu yeyote. Wengi wa Thika na Ruiru waliufurahia kwa sababu hiyo. Lakini tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu iliuzuia mswada huo, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kwamba mgawanyo wa viti vile 70 uliingizwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Basi swali lilirudi pale pale: viti ni 290, na kila anayeomba cha ziada aomba kilicho mikononi mwa mwingine.

YAMPASAYO MWANANCHI

Jambo la kwanza ni kuhesabiwa. Kiwango hutokana na hesabu ya watu, wala hakitokani na ukubwa wa mji kwa macho. Anayekaa Ruiru miaka kumi, kisha siku ya hesabu asafiri kwenda kuhesabiwa kijijini kwao, ameipunguzia Ruiru mtu mmoja na kuiongezea sehemu ambayo haimlipii taka wala maji.

Jambo la pili ni kujiandikisha mahali anapoishi. Wako wengi wanaofanya kazi Thika na kulala Juja, lakini majina yao yamo katika daftari za mbali. Hao wana Mbunge asiyewajua, na wanakaa kwa Mbunge asiyewahitaji.

Jambo la tatu ni kuhudhuria vikao vya wazi ambavyo Tume sharti ivifanye kabla ya kuchora mipaka, na kusema kwa hoja. Kusema kwamba Ruiru ni kubwa hakutoshi. Yafaa kuonyesha wadi gani zinafuatana kwa barabara, shule na soko, na mahali ambapo jimbo laweza kukatwa bila kutenganisha watu wanaotegemeana. Asiyeridhika na mipaka iliyotangazwa ana siku thelathini za kwenda Mahakama Kuu, na Mahakama yatakiwa kuamua katika muda wa miezi mitatu. Na ajue pia ya kuwa mipaka ikikamilishwa ikiwa imebaki chini ya miezi kumi na miwili kabla ya uchaguzi mkuu, haitatumika katika uchaguzi huo.

Jambo la mwisho ni kutowageuza watu wa visiwani kuwa adui. Mvuvi wa Faza hakukichukua kiti cha Ruiru. Alikuwa na kiti chake kabla majumba ya Ruiru hayajajengwa. Naye mpangaji wa Githurai hatamani kumnyamazisha mvuvi, bali ataka mtoto wake apate darasa. Kama taifa litaona ya kuwa visiwa na mipaka ya mbali vihifadhiwe, na iandikwe wazi ni vipi na kwa kiasi gani, na miji ilipwe upungufu wake kwa njia nyingine. Na kama litaona ya kuwa usawa wa watu utangulie, basi na ipatikane njia nyingine ya kuisikia Kizingitini. Uamuzi wowote utawagharimu watu fulani, na ni vema watu hao wauelewe kabla haujafanywa, wala wasiusikie kwa mara ya kwanza siku ya kupiga kura.